Zile Senti za Tundu Kwenye Mkebe wa Babu



Kuna swali ambalo limeniandama tangu mwezi uliopita. Wengine wameniuliza mlangoni baada ya ibada, wengine wameniandikia usiku wa manane wakitumia picha. Picha zenyewe zinafanana: kiganja cha mkono, na juu yake senti nyeusi nyeusi yenye tundu katikati. "Pasta, hii ni ya marehemu babu. Tuko na mkebe mzima. Tuziweke ama tuzitupe? Kuna mtu anasema ni mali."

Nitalijibu hapa mara moja ili likae. Msomee pia yule mzazi nyumbani ambaye hana simu ya kuingia Facebook, kwa sababu mara nyingi mkebe uko chini ya kitanda chake.

Kwanza tujue tunazungumzia nini, maana vijana wengi hawajawahi kuzishika. Kabla Kenya haijawa na pesa zake, tulitumia pesa za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919. Sisi, Waganda na Watanganyika tulikuwa na shilingi moja, na baadaye Zanzibar ikaingia. Kuanzia 1921 shilingi hiyo iligawanywa senti 100, na zile ndogo kabisa, senti 1, senti 5 na senti 10, zilikuwa za shaba na zilitobolewa katikati. Ile ya kumi ni kubwa, unaweza kudhani ni kifuniko cha chupa, na ina pembe za ndovu zilizopinda kandokando ya tundu. Wazee watakwambia walizitunga kwenye uzi kama shanga, maana kanzu nyingi hazikuwa na mifuko, na mfuko uliokuwepo ulikuwa na tundu lake pia.

Benki Kuu ya Kenya ikaanzishwa 1966, sarafu zetu wenyewe zikaanza kutumika mwaka uliofuata, na kufikia mwisho wa miaka ya 60 zile za tundu zikaacha kuwa pesa. Walio na umri wangu tulikuta ndururu ya Kenyatta, isiyo na tundu, nayo pia imeshakwenda. Leo ukisema huna hata ndururu, mtoto anajua umefilisika ingawa hajui ndururu ilikuwa nini.

Sasa, mpendwa, sikiza. Mali ni nini hapo?

Wengi wanafikiri ukongwe ndio bei. Wanaona mwaka 1936 umeandikwa kwenye sarafu, wanapiga hesabu, wanasema hii ina karibu miaka 90, lazima iwe laki kadhaa. Nimechagua huo mwaka 1936 makusudi, kwa sababu ndio unaowasumbua watu zaidi. Ukiwa na senti 10 au senti 5 ya 1936, angalia jina la mfalme. Kuna zilizoandikwa jina la Edward VIII. Huyu alikuwa mfalme wa Uingereza kwa muda usiofika mwaka mmoja, kuanzia Januari hadi Desemba 1936, akaacha kiti ili amuoe mwanamke aliyempenda. Kule kwao hakukuwahi kutumika sarafu yenye sura yake sokoni. Lakini senti zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, kwa sababu pale pa kuweka uso palikuwa na tundu! Zilihitaji jina tu. Kwa hiyo jina lake likapigwa, zikaletwa huku, na mama zetu wakanunulia chumvi.

Ni hadithi tamu, na ni ya kweli. Lakini hiyo sarafu haina bei kubwa. Zilitengenezwa mamilioni, na mamilioni hayo yako kwenye mikebe Kisii, Machakos, Masaka, Moshi, na kwenye droo za wazee wa Kiingereza waliorudi kwao. Anayekusanya sarafu anaipata bila shida. Kwa kawaida utaambiwa bei ya chakula cha mchana kibandani, na ikiwa imechakaa hata chai na mandazi itakuwa ngumu.

Kinachofanya sarafu iwe na bei ni mambo yanayoenda pamoja: zimebaki chache, iliyo mkononi mwako haijachakaa, na kuna mtu halisi anayeitafuta. Ukongwe peke yake hausaidii. Katika pesa za Bodi ile, zile ambazo wakusanyaji huzihangaikia kweli ni za mwaka 1920, wakati wa florin, mfumo uliodumu kitambo kidogo tu kabla ya shilingi, na sarafu zake nyingi zikayeyushwa. Nazo wala si za shaba, ni nyeupe. Kwa hiyo mwenye mkebe wa shaba, nakuomba usihesabu vifaranga vya kuku wa jirani.

Nataka niwape mfano mmoja ambao kwangu unamaliza ubishi. Ni sarafu gani ya shaba inayojulikana kuliko zote duniani? Hata asiyeenda kanisani anaijua. Ni zile mbili za mjane, kwenye Marko 12 na Luka 21. Biblia yetu ya Kiswahili inaziita senti. Kwa Kigiriki ni lepta, sarafu ndogo kuliko zote zilizokuwa zikitumika Yudea, kijipande cha shaba chembamba ambacho hata kukatwa hakikukatwa vizuri. Wataalamu wengi huzihusisha na sarafu ndogo zilizopigwa wakati wa Aleksanda Yanayo, mfalme wa Wayahudi aliyetawala tangu mwaka 103 hadi 76 kabla ya Kristo, ambazo ziliendelea kutumika miaka mingi baada yake.

Sasa zina miaka zaidi ya 2000. Zina hadithi ambayo hakuna sarafu nyingine iliyo nayo, imehubiriwa kila lugha. Je, ni mali? Hapana! Zilipigwa nyingi mno hata leo zinachimbwa kwa wingi kule, na ya kawaida unaweza kuinunua kwa pesa za kununulia jozi ya viatu. Miaka elfu mbili na mahubiri yote hayo hayakutosha kuipandisha bei. Sasa wewe ndugu yangu una senti 10 ya 1952, umewekewa kichwani kwamba itakujengea nyumba.

Nasema hivi kwa uchungu, si kwa mzaha. Katika ushirika wetu kuna mama mmoja, na amenikubalia niseme bila kumtaja. Alikuta tangazo mtandaoni: tunanunua sarafu za zamani, shilingi laki nne na nusu kwa senti ya tundu ya 1936. Anayo. Akapiga simu. Akajibiwa na kijana mwenye Kiingereza laini, akaambiwa kampuni iko ng'ambo na mnunuzi yuko tayari, lakini kwanza alipe ada ya usajili, 3,500. Akatuma kwa M-Pesa. Kesho yake ikaja ada ya cheti cha uhalisi, 12,000. Akachukua kwenye karo ya msichana wa kidato cha tatu, kwa sababu laki nne zinakuja, atarudisha. Ikaja bima ya kusafirisha pesa. Hapo akakopa kwenye chama. Alipoambiwa kuna kodi ya forodha ndipo alikuja kwangu, na hakuja kuuliza kama ameibiwa. Alikuja kuniomba nimwongezee pesa za hiyo kodi.

Senti yenyewe bado anayo. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuiona kwa karibu. Hebu fikiria hilo: mtu anataka kununua kitu cha laki nne na nusu na haulizi hali yake, haulizi ina mkwaruzo ama haina. Anauliza tu umetuma.

Mnunuzi wa kweli anatoa pesa. Haombi. Ukiwa unauza mbuzi, aliwahi nani kukwambia umlipe ndio amnunue? Yeyote anayekudai ada ili anunue sarafu yako ni mwizi, hata akianza mazungumzo kwa "Shalom, mtumishi". Na hao wa Shalom wamekuwa wengi.

Kuna ndugu mmoja aliniambia, sawa Pasta, kama hakuna mkusanyaji basi kuna shaba yenyewe. Hoja hii ina kichwa na miguu, tuihesabu. Ile senti 10 ina uzito wa gramu 9 na kitu, karibu yote ni shaba. Kilo moja ni kama senti mia moja. Tuseme mnunuzi wa vyuma chakavu anakupa shilingi 800 kwa kilo ya shaba. Basi kila senti 10 imekuletea shilingi 8. Kwa kitu kilichoandikwa senti 10, hiyo ni mara themanini! Inasikika kama muujiza, mpaka ukumbuke vitu viwili. Kwanza, babu alipoziweka, senti 10 zilinunua kitu. Angenunua kuku kwa zile mia moja, tungekuwa tunazungumza mambo mengine leo. Pili, mikebe mingi haina kilo. Nimeona kama kumi hivi, na mzito kabisa ulikuwa na senti arobaini na vifungo vya koti.

Na ukienda kwa mnunuzi wa chakavu, nenda kwa mwenye leseni, mchana, ukiwa na kitambulisho. Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nzima kwa muda kwa sababu watu walikuwa wanahujumu nyaya na minara ya umeme. Shaba mkononi mwa mtu asiyejulikana bado inaleta maswali, na ni haki ilete.

Sasa kuna wanaosema kuyeyusha sarafu ya babu ni kukosea heshima, ni kama kuuza kaburi. Mimi sikubaliani nao. Kama nyumbani hakuna unga na una kilo ya shaba chini ya kitanda, nunua unga. Usione aibu mbele ya mtu yeyote. Babu hakuziweka ili wajukuu walale njaa wakizitazama. Aliziweka kwa sababu ilikuwa pesa, akitumaini siku moja zitafaa, na siku ya njaa ndiyo hiyo siku. Tena mjane wa Marko 12 hatumkumbuki kwa kuhifadhi. Tunamkumbuka kwa sababu aliachilia. Angezifunga kwenye kitambaa, zingekuwa kati ya zile zinazochimbwa leo na kuuzwa bei ya viatu, na hakuna mtu angejua zilikuwa za nani.

Lakini kama unga upo, usiziuze zote kwa kilo. Hapa wale wa kizazi kipya wanaosema tupa takataka hii nao watanisamehe.

Hili neno lenyewe pesa, mnajua limetoka wapi? Limetoka kwa sarafu ya shaba. Wahindi waliita paisa, na hapa pwani ikawa pesa, ile ndogo ya shaba iliyotumika Zanzibar na Mombasa. Kuna ya Sultani Barghash ya 1882, yenye picha ya mizani. Kuna ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na kampuni ya Waingereza iliyokuja kutawala kabla ya serikali yao, nayo ina jina la mji limeandikwa waziwazi. Ilikuwa sarafu ya mtu wa chini, ya kununulia kisamvu. Dhahabu haikutupa neno, wala fedha, ingawa fedha nayo tunaitumia. Kila ukituma M-Pesa unataja kijisarafu cha shaba ambacho tajiri hakuinama kukiokota. Mimi hilo hunifurahisha sana, na watoto wa Sunday School walipolisikia walitaka kuiona kwa macho.

Ndiyo sababu nasema weka chache. Tano zinatosha, ama moja kwa kila mjukuu. Chagua zinazosomeka mwaka. Ukipata ya Edward VIII, weka hiyo, kwa sababu ya hadithi. Angalia pia herufi ndogo zilizopigwa pembeni: ukiona SA, hiyo ilitengenezwa Pretoria wakati wa vita vya pili vya dunia, ukiona I, ni Bombay, H ni Birmingham. Mtoto akijua kwamba senti iliyonunua kiberiti Nyeri ilitoka Bombay kwa meli kukiwa na vita baharini, amejifunza historia ambayo kitabu hakikumpa.

Andika kwenye karatasi ilikuwa ya nani, aliipata akifanya kazi gani, wapi. Bila karatasi hiyo, ukiondoka wewe ni chuma tu. Na tafadhali, msizisugue! Nimeona mama amesugua senti kwa majivu na ndimu mpaka iking'aa kama bomba la jikoni, akijua ameipandisha thamani. Mkusanyaji akiona imesuguliwa hata ile bei ya mandazi anaondoa. Ule weusi ndio ngozi yake, iache. Iwekwe pakavu, ndani ya bahasha ya karatasi.

Wenzetu walio Marekani mmeniuliza kuhusu peni zenu, na hili halina tofauti kubwa. Ni kweli wamefunga. Peni ya mwisho ya kutumika sokoni ilipigwa Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025, baada ya miaka 232, kwa sababu kutengeneza moja kulikuwa kunagharimu karibu senti 4. Lakini Wizara yao ya Fedha inakadiria ziko takriban bilioni 300 huko nje, na bado ni pesa halali. Kitu kilicho bilioni 300 hakiwi adimu mwaka huu wala ujao. Zile za mwisho kabisa ziliwekwa alama ya omega zikapelekwa mnadani. Iliyo kwenye gari lako pale pa kuweka kikombe haimo. (Omega wameiweka, Alfa sijui waliiacha wapi.)

Na msibebe magunia ya peni kuja nayo nyumbani mkidhani mtauza shaba. Kuanzia 1982 walibadilisha: ndani ni zinki, shaba ni ngozi tu ya juu. Zile za kabla ya hapo ndizo zilikuwa shaba, gramu 3 na kidogo, lakini sheria ya huko inakataza kuziyeyusha ama kuzitoa nchini kwa wingi, na faini inafika dola 10,000 pamoja na kifungo. Ukiwa na chupa imejaa, peleka benki ama dukani, utume nyumbani kilichopatikana. Mama atanunua sukari.

Neno la mwisho ni kwa wale ndugu wawili, na mnajijua. Mzee alizikwa mwaka jana, na hamjasalimiana tangu siku mlipogawana vitu, kwa sababu mkubwa alichukua mkebe na mdogo anaamini ndani yake kuna shamba. Nimeuona huo mkebe. Mama yenu alinionyesha. Kuna senti 10 ishirini na tatu, senti 5 kumi na moja, na kasenti kamoja ka mwaka 1922 ambako hata mimi nilikapenda. Kwa mnunuzi wa chakavu vyote havifiki mia tatu. Kwa mkusanyaji mwenye moyo mzuri, labda mtapata nauli ya kwenda Nakuru na kurudi, wote wawili, mkikaa kiti kimoja.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitakuwa pale kwenye ofisi ndogo na kioo cha kukuzia. Mwenye mkebe alete, tutaangalia pamoja miaka na majina. Sinunui, na hakuna ada. Nyinyi wawili mje na mama.

Mbarikiwe.